Barua Kutoka Nyumba ya Tanuri

Niliificha barua ya mtu kwa siku nne. Ilikuwa mwaka wa 1999, mwezi wa tano, hapa Durban. Barua ilikuwa ya mama mmoja mzee wa Sydenham niliyemfanyia kazi za nyumbani, na ndani yake mlikuwa na namba ya simu ambayo angeipiga siku ileile kama ningemsomea. Sikumsomea. Nilidhani ninamhurumia. Ninaandika jinsi ilivyokuwa, bila kujipunguzia.

Mtaa mzima ulimwita Anti, nami nikamwita hivyo. Watu wake walitoka Mauritius zamani. Bibi yake alizungumza Kifaransa cha kule kisiwani, na yeye mwenyewe alibaki na maneno machache ya jikoni na ya kanisani. Mumewe alikuwa na kiwanda kidogo cha fanicha kule Jacobs. Alipokufa kiwanda kiliuzwa, na Anti, ambaye hakuwa amepanda ndege maisha yake yote, akaanza kwenda Ufaransa kila mwezi wa sita, wakati huku kwetu ni baridi na kule ni majira ya joto.

Nilipoanza kazi kwake, siku za Jumatano na Ijumaa, nilifikiri anaenda Paris. Sisi tuliosomeshwa Kongo na masista tulijua Ufaransa ni Paris, mnara na taa. Siku moja akanitolea albamu ya picha. Kwanza akanionyesha mji mdogo juu ya kilima, una ukuta wa kale na lango ambalo gari moja tu linapita, na kanisa ambalo alisema lina miaka mingi kuliko mji wote wa Durban. Kisha akafungua ukurasa wa pili, akaweka kidole juu ya kibanda cha mawe chenye mlango mfupi, nje ya mji, katikati ya shamba.

"Hapa ndipo ninapolala," akasema.

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Kilikuwa chumba kimoja. Boriti za dari zilikuwa nyeusi kwa moshi kama za jiko la mama yangu. Alinieleza kwamba zamani ilikuwa nyumba ya tanuri, mahali wenye shamba walipochomea mikate. Paa lilikuwa limeanguka na miti ilikuwa imeota ndani. Mwenye shamba, mama mjane, akalisimamisha tena, akapanga mawe yaleyale, akaweka kitanda na bafu, na mdomo wa tanuri akauacha wazi ukutani ili wageni wauone. Watu wanatoka mbali kuja kupanga kwa wiki mbili, tatu. Wanaenda kutazama mji wa kale asubuhi, na jioni wanarudi kuwasha kuni. Banda la nguruwe lililokuwa ng'ambo ya ua nalo lilikarabatiwa, na familia moja ya Waingereza ililipanga kila mwaka.

Niliuliza kama nimesikia vizuri, banda la nguruwe.

"La nguruwe," Anti akasema. "Wanaligombania."

Nilibaki na mshangao huo mpaka jioni. Nilikuwa ninaishi mjini katika chumba kimoja na dada yangu wa ukoo, mtoto wa baba mdogo, ambaye alisuka nywele katika saluni. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka chini sufuria.

"Sisi tunakimbia nyumba za namna ile, wanatuita réfugiés," alisema. "Wao wanazikimbilia, wanaitwa touristes. Uliza kama hawatafuti mutu wa kuwapikia na kuni. Mimi iko na expérience."

Barua za yule mama wa Ufaransa, mjane mwenye shamba, ndizo zilizonipa nafasi nyumbani kwa Anti. Kabla yangu alikuwa akizipeleka kwa padri mmoja, na padri alihamishwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili la sekondari tu, lakini kwa Kifaransa, na mwandiko wa yule mama ulifanana na wa masista wetu. Barua ikifika, Anti hakuifungua. Aliiweka chini ya bakuli la sukari mpaka nimalize sakafu na kunawa mikono. Kisha alimimina chai, nami nikaifungua.

Nilikuwa na namna yangu ya kusoma. Kwanza nilisoma kimya, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza na nilihitaji kupanga maneno. Anti alingoja. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza akanitazama uso, na nikitabasamu alitabasamu kabla hajajua sababu. Baada ya hapo ndipo nilimweleza. Barua zilikuwa za kuku, za goti linalouma, za vigae vilivyochukuliwa na upepo, za miti ya plamu. Kila barua ilimalizika kwa kusema ufunguo utakuwa chini ya chungu cha maua, kana kwamba Anti hajui.

Hawakuwa na lugha moja, wale wazee wawili. Anti aliniambia kwamba kila asubuhi alifungua mlango akakuta mayai mawili kwenye kizingiti, na jioni walikaa pamoja kwenye benchi la mawe, kila mmoja akizungumza yake. Alimpelekea masala ya hapa Durban, ile nyekundu kali, na yule mama aliitia kwenye nyama ya nguruwe. Kwa namna hiyo walikuwa wamezoeana miaka saba.

Mwaka huo mimi nilikuwa bado katika nguo nyeusi. Anti aliniuliza mara moja tu, nikamjibu ni mume wangu. Akasema na yeye, wake. Hatukuongeza neno.

Lakini hapa lazima niongeze, kwa sababu bila hilo kosa langu halieleweki.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Vita vilipotutoa kwetu, ng'ambo ya ziwa, tulivuka tukafika Kigoma pamoja na mdogo wake. Tuliamua mimi nitangulie Durban kwa sababu nilikuwa na dada huku. Nikipata kazi, yeye afuate. Nilikuwa na miezi miwili hapa, bado ninatafuta kazi, shemeji yangu aliponipigia kwenye duka la simu la Mtanzania mmoja tulilolizoea. Aliniambia, "Shemeji, kaka anaumwa kidogo. Usiwe na wasiwasi." Niliuliza ni malaria, akasema ni malaria. Niliagiza apewe supu. Nilitoka pale nikaenda sokoni kununua mboga.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya misa, wamama wanne wa kanisa walikuja chumbani kwetu na mkeka na termosi ya chai. Walipokunjua mkeka, kabla mtu hajafungua kinywa, nilijua. Dada yangu alikuwa nyuma yao. Hakulia kwa mshtuko, alilia kama mtu anayetua mzigo, na hapo nikaelewa kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Wiki mbili alilala kitanda kimoja na mimi. Jumamosi moja kati ya hizo alinisuka nywele na tukacheka.

Nilimuuliza siku ile shemeji aliposema kaka anaumwa, alikuwa anaumwa? Akasema hapana. Alikuwa ameshazikwa siku mbili.

Ndiyo desturi yetu, nami sikuwa mgeni nayo. Nilikuwa nimewafanyia wengine. Msiba hauambiwi mtu aliye peke yake, wala aliye kazini, wala aliye mbali na watu wake. Unamwambia mgonjwa ana homa. Baadaye unasema homa imezidi. Halafu watu wanakusanyika, wanakuja pamoja, ili yule mtu akianguka aanguke mikononi. Mwenye kuambiwa naye huwa anaelewa kwa neno la kwanza, lakini hasemi. Mimi sikuelewa, nikaagiza supu. Aibu ya ile supu ilinitafuna kuliko nilivyoweza kumwambia mtu. Nilijiapiza kwamba sitadanganyika tena. Mtu akiniambia kutoka mbali kwamba fulani anaumwa, nitajua ameshakwenda.

Basi, Jumatano ile barua ilikuwa chini ya bakuli la sukari, na mwandiko juu ya bahasha haukuwa wa mama yule. Anti alishaona.

"Labda mkono unamuuma," akasema, akamimina chai.

Nilifungua nikasoma kimya. Aliyeandika ni binti yake. Alisema mama ni mgonjwa sana, amekataa kubaki hospitali, wamemrudisha nyumbani shambani. Alisema simu imewekwa karibu na kitanda chake na anatamani sana kusikia sauti ya Anti. Hawana namba ya Durban, yao ni hii, tafadhali apige mara atakapopata barua.

Nilisoma tena yale maneno, mgonjwa sana, mwandiko wa binti, apige haraka, na sikuona mgonjwa. Niliona mkeka. Niliwaza: huyu binti amefanya kama shemeji yangu alivyofanya. Mama yake ameshazikwa, na anamwita Anti polepole kwa namna ya watu wenye adabu. Hata ile simu kando ya kitanda niliielewa hivyo, kwamba Anti akipiga, watu watakuwa wamekaa pale kumpokea. Sikufikiri hata dakika moja kwamba kule Ufaransa mtu akiandika mgonjwa anaweza kuwa na maana ya mgonjwa.

Anti alikuwa ananitazama uso. Alikuwa peke yake katika nyumba ile kubwa, miaka sabini na tatu, na shinikizo la damu. Mimi nilikuwa niondoke saa kumi.

Nikamwambia mama anakusalimu. Nikamwambia binti ameandika kwa sababu mkono wa mama una maumivu. Nikasema plamu zimechanua vizuri.

"Na ufunguo?"

"Chini ya chungu cha maua," nikasema.

Hilo la ufunguo, kwa kweli, lilikuwemo. Nilikunja barua, na badala ya kumrudishia kama siku zote, niliitia katika mfuko wangu nikasema nitaisoma vizuri zaidi nyumbani, kuna maneno sikuyajua. Anti hakuwa na sababu ya kunishuku. Mimi ndiye niliyewahi kumrudishia hereni aliyokwisha kuisahau.

Dada yangu aliposikia, alinisifu.

"Umefanya bien. Mutu muzee iko peke yake mu nyumba, utamuambia namna gani? Ungemuua. Ngoja Dimanche, kiisha misa, tutaenda pamoja."

Alhamisi nilichukua taksi mpaka Mobeni kumtafuta mtoto wa Anti. Alikuwa msimamizi katika ghala moja huko, mwanamume mnene mpole ambaye kila Jumapili alimletea mama yake kuku wa kuokwa. Walinzi waliniweka getini mpaka akatoka. Nilimwomba Jumapili aje mapema na asikose kwa lolote. Aliuliza kuna nini. Sikumwambia. Mtu alikuwa kazini, ameshika makaratasi, na nyuma yake magari yanapakia. Aliniangalia akafikiri nataka kulalamikia mshahara, akasema tutazungumza, mama ni mgumu lakini tutazungumza. Nikaitikia.

Ijumaa nilikwenda kazini kama kawaida. Anti alikuwa amekwisha kwenda sokoni kununua masala. Aliweka mifuko mezani akaniomba nimsaidie kuifunga mara tatu kwa plastiki, kwa sababu mwaka uliopita ilipasuka akanuka safari nzima. Tuliifunga pamoja. Aliniambia mwaka huu atajaribu kumwonyesha yule mama jinsi ya kupika maharagwe kwa masala, ameshachoka kula nguruwe. Niliinamisha kichwa nikakata plastiki. Nilikuwa na barua ndani ya mkoba, hatua tatu kutoka mkononi mwake. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Nimehesabu mara nyingi baadaye. Saa ile yule mama alikuwa hai.

Jumapili tulifika watu watatu, mimi, dada yangu na mama mmoja wa kanisa, na mkeka na termosi. Mtoto wa Anti alikuwa amefika, kuku yupo mezani katika karatasi. Anti alitutazama mlangoni, akaangalia vitambaa tulivyojifunga.

"Kama mnauza nguo," akasema, "mimi sinunui Jumapili."

Wenzangu walikunjua mkeka juu ya zulia lake wakakaa chini. Anti akamuuliza mtoto wake kwa nini wanawake hawa wanakaa sakafuni na viti vipo. Mtoto akanitazama mimi. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Anti nikamshika mikono, jinsi walivyonishika mimi.

"Anti," nikasema, "yule mama wa Ufaransa anaumwa. Anaumwa sana."

Nilingoja. Mtu wa kwetu angeelewa hapo na kupiga kelele, na tungemshika. Anti alichomoa mikono yake kutoka mikononi mwangu.

"Tangu lini?"

"Barua ilisema."

"Namba ya simu iko wapi? Ameandika namba?"

"Ameandika. Anti, kaa kwanza."

"Nikae kwa nini? Mtu ni mgonjwa. Nipe namba."

Alikwisha kusimama. Alitafuta miwani, akaichukua, akaja nayo kwenye simu ya ukumbini, akaninyooshea mkono nimpe namba. Nilitoa barua kutoka katika Biblia yangu nikaikunjua polepole, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kosa langu. Bado sikujua, lakini nilikuwa nimeanza kuona.

Alipiga mwenyewe. Alisema jina lake, kisha maneno mawili matatu ya bibi yake, kisha akasikiliza, akakunja uso, na kunipa mkono wa simu. "Anaongea haraka. Sikiliza wewe."

Alikuwa binti. Sauti yake ilikuwa imechoka. Aliniambia mama alikufa jana asubuhi. Niliuliza tena, jana? Jana, akasema, Jumamosi, muda si mrefu baada ya kahawa. Mpaka Ijumaa usiku alikuwa anazungumza.

Anti alikuwa amesimama karibu yangu, bega kwa bega. "Anasema nini?"

Nilimwambia. Ningeweza kumwambia alikufa zamani. Kifaransa kilikuwa changu peke yangu katika nyumba ile, na hakuna ambaye angejua kamwe. Ninaandika hili kwa sababu wazo hilo lilinipitia, na si sawa kusema halikupita. Nilimwambia jana.

Binti aliendelea. Alisema kila simu ilipolia mama aligeuza kichwa akasema ni yule wa Durban. Nilimwambia Anti na hilo. Kisha binti akauliza, kwa upole, si kwa kulaumu, barua ilifika lini?

"Mercredi," nikasema.

Anti akauliza ameuliza nini. Nikasema ameuliza barua ilifika lini, na nimemjibu Jumatano.

Alichukua mkono wa simu kwangu, akaurudisha mahali pake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeweka yai. Hakunitazama. Mtoto wake alisema kwa sauti ya chini kwamba nilikuja mpaka getini, nilisimama mbele yake, kwa nini sikusema. Mama wa kanisa alianza kuomba na dada yangu akamgusa goti anyamaze.

"Waambie wenzako waende nyumbani," Anti akasema.

Walikunja mkeka. Termosi waliisahau. Mimi nilichukua mkoba niwafuate, na hapo ndipo Anti aliponiambia nikae. Tulikaa kwenye meza ya jikoni, mahali petu. Hapakuwa na chai.

"Soma," akasema. "Kwa Kifaransa kwanza. Usiruke."

Nilisoma kwa sauti kutoka neno la kwanza. Mpaka siku ile sikuwahi kumsomea Kifaransa kwa sauti. Nilipofika karibu na mwisho palikuwa na maneno ambayo binti aliyaandika kama mama yake alivyomtamkia, na Jumatano niliyapita haraka kwa sababu nilikuwa nimeshamzika. Mama alisema nyumba ya tanuri imefagiwa na shuka ziko kitandani. Alisema ufunguo uko mahali pake, na kama yeye hayupo, Anti aingie mwenyewe kama mtu wa nyumbani. Alisema asilete masala mwaka huu, ya mwaka jana bado ipo.

Nilimtafsiria yote. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye ile mifuko iliyofungwa kwa plastiki.

Kisha akauliza kwa nini. Nilimweleza habari ya shemeji, ya supu, ya mkeka, ya dada yangu kunisuka nywele. Kiingereza changu hakikutosha na nililia katikati, lakini nilimweleza nilivyofikiri, kwamba mtu akiwa bado hai hawaandiki hivyo. Mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni ameshika kuku. Anti hakusema amenisamehe. Wala hakusema nisirudi. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na mumeo. Kabla hajafa, alikuulizia?"

Nilisema sijui.

"Hukuuliza?"

Sikuuliza. Mwaka mzima na zaidi nilivaa nyeusi na sikuwahi kuuliza alilala kitandani siku ngapi, nani alimshika, alisema nini. Kwetu huulizi, na watu wanakusifu kwa kunyamaza. Nilikuwa nimekasirika kwa wiki mbili zile walizonidanganya akiwa kaburini, na sikuwahi kufikiri kuhusu siku zilizotangulia, alipokuwa hai na anaweza kuzungumza.

Siku ya tatu yake nilikwenda kwenye duka la simu. Nilipiga duka la jirani kule Kigoma wamwite shemeji, nikakaa kwenye benchi saa nzima, nikapiga tena. Alishtuka kunisikia. Nilimuuliza kaka yake aliumwa siku ngapi. Alisema, shemeji, mambo hayo yamepita. Nikauliza tena. Nilisema sitakata simu.

"Siku kumi na moja," akasema. "Siku ya tatu nilitaka kukupigia. Nilikuwa nimefika mpaka posta. Yeye ndiye aliyetuma mtu anirudishe. Alisema ukisikia utarudi, na ukirudi tumekwisha wote. Alisema, mwacheni apate kazi kwanza."

Niliuliza kama alisema kitu kingine. Shemeji akasema siku moja alitaka kujua kama Durban kuna baridi, kwa sababu sikuchukua sweta yangu.

Mwenye duka alinigusa bega, "Dada, kuna watu nyuma yako." Nilikuwa nimeshikilia mkono wa simu na laini imekwisha kukatika. Nilitoka nje, nikavuka barabara bila kutazama taa za robot, na dereva wa taksi akanitukana kwa Kizulu. Kazi niliipata wiki tatu baada ya yeye kuzikwa.

Jumatano nilimsimulia Anti, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Basi wewe na mumeo mlifanana," akasema.

Nilichukua kisu cha pili, nikamenya naye.

Nilifikiri hatasafiri, lakini mwezi wa sita alikwenda. Binti alikuwa ameandika kwamba nyumba ni yake kwa zile wiki tatu, kama ilivyopangwa. Barua hiyo niliisoma kwa sauti kutoka neno la kwanza, Kifaransa, sentensi moja moja, na Anti alikuwa ameweka mkono wake juu ya ukingo wa karatasi. Tangu wakati ule tulisoma hivyo siku zote. Masala aliibeba pia. Nilimkumbusha kwamba mama alisema asilete. Akasema binti naye ana mdomo, atajifunza.

Aliniachia nyumba niiangalie. Baada ya siku kumi na mbili barua ilifika, na juu ya bahasha palikuwa na jina langu. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia katika mji huu. Niliiangalia nikiwa nimesimama getini na bahasha mkononi, na kwanza niliogopa.

Anti aliandika Kiingereza chepesi, herufi kubwa kubwa, ili nielewe. Alisema wamempeleka kuliona kaburi la mama, ni karibu na ukuta wa mji wa kale, mahali pana jua. Alisema alipata ufunguo. Alisema usiku tanuri inanuka moshi wa miaka, na asubuhi ya kwanza alifungua mlango akatazama chini kwenye kizingiti, na hapakuwa na kitu. Asubuhi ya pili alikwenda mwenyewe bandani kwa kuku, akachukua mayai mawili, akayaweka mlangoni, akaingia ndani akafunga. Kisha akafungua. Usicheke, aliandika.

Chini kabisa alisema nimwagilie maua ya upande wa barabara, na kwamba barua yoyote ikifika, ya nani au ya wapi, nisiiweke chini ya bakuli la sukari. Niifungue siku hiyohiyo.

Niliketi kwenye meza ya jikoni nikaisoma tena yote kwa sauti, peke yangu, bila kuruka, kisha nikaenda kumwagilia maua.